Mapipa ya Nouriat

Nouriat alikuwa dobi, na kama hukuwahi kuvaa nguo iliyopita mikononi mwake, pole sana, kuna raha moja ya dunia imekupita. Kanzu ya Ijumaa ilitoka kwake laini, nyeupe, haina hata harufu ya moshi wa pasi ya makaa. Watu wa Moroni hapa Ngazidja, ambao kumsifu mtu wa kisiwa jirani cha Ndzuani kunawatoa jasho, yeye walimsifu. Walikuwa wakipishana mlangoni kwake na mafurushi, makarani wa serikali, wafanyabiashara, hata wifi yangu Moinafouraha, mwanamke ambaye hajawahi kuridhika na kitu tangu azaliwe.

Mimi naitwa Saoudat. Nimezaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazidja, nikarudishwa Moroni mtu mzima, nikaolewa mtaa wa Badjanani, na Kiswahili changu nimekuja nacho. Ukiambiwa nina ulimi mkali, umeambiwa kweli. Sina subira, na sijifanyi ninayo. Lakini kwa Nouriat niliishiwa maneno, na hilo kwangu ni jambo la kusimuliwa.

Alikuja Moroni mwaka ule ule mamluki wa kizungu walipotua pwani ya Itsandra usiku, sisi tumelala, kulipokucha tukaambiwa serikali ni nyingine. Mumewe Bourhane alikuwa baharia kwenye meli ndogo ya mizigo iliyokuwa ikipiga safari za Mutsamudu kwao na Moroni, ikileta mbuzi, machungwa na mbao. Wakapanga chumba uani kwa wifi yangu. Nouriat alikuwa mfupi, ameshiba, mikono minene, na akicheka kuku wa uani wanatawanyika. Alikuwa akifua anaimba, akianika anaimba, akikuletea nguo zako unamsikia tangu kichochoroni.

Chumba cha pili uani pale alikaa Blandina, mshonaji, mtu wa Muheza kule Tanga. Hamidou wetu, dereva wa lori, alikwenda kutafuta maisha bara, akarudi na mke Mkristo, na cherehani, na baadaye mtoto wakamwita Bahia. Mke wa Kitabu anajuzu, hapana aliyeweza kusema kitu, lakini midomo ilivutwa kweli kweli. Blandina hakujali. Mchana akimaliza kushona alifungua Biblia yake ya Kiswahili, akasoma kwa sauti, na mimi nilikuwa nikienda kuketi kwake, maana usidhani ni wengi Moroni wa kuzungumza nao Kiswahili mpaka koo likaburudika. Nouriat naye alikuja na kapu lake la nguo za kukunja. Alikuwa anakamata neno moja, anaachia mawili, yaliyompita mimi namtafsiria.

Sasa usikilize habari ya maji, maana ndiyo habari yenyewe. Ngazidja haina mto. Mvua inyeshe inavyotaka, lile jiwe jeusi la mlima linaimeza yote. Kwa hiyo kila nyumba yenye jina ina birika. Sisemi birika la chai, nasema lile tangi kubwa la saruji linalopokea mvua ya paani. Na usidhani maji yanajiingilia tu. Mvua zikikaribia unapanda kufagia paa, unasugua mfereji, mvua ya kwanza unaiachia imwagike na uchafu wake, ya pili ndiyo unaifungulia. Baada ya hapo unaishi kwa kipimo mpaka masika mengine. Mpangaji ana ndoo yake ya kunywa na kupikia, basi. Anayetaka kufua ashuke kisima cha pwani, maji ya chumvichumvi, ambayo ukiyatia sabuni inagoma kutoa povu.

Mutsamudu nako, mto unashuka kutoka mlimani na kupita mjini, mchana na usiku. Wanawake wanafua juu ya mawe, watoto wanaoga, anayetaka kuchota anachota. Ukimwomba mtu ruhusa ya maji pale atakushika paji la uso aone kama una homa. Nouriat alikulia mtoni hapo. Mama yake dobi, bibi yake dobi.

Unaona tunakoelekea? Mimi sikuona. Niliziona nguo laini, nikajua kisima cha pwani hakilainishi nguo, na bado sikuona. Mara moja nilipita uani nikamkuta Nouriat ameinama kwenye mdomo wa birika la wifi yangu, anachota, anaimba kwa sauti ya kumwamsha muadhini. Nikadhani ameruhusiwa. Nani anaiba huku anaimba?

Mwaka ule wifi yangu alikuwa anamfanyia binti yake Djaouharia arusi kubwa. Na arusi kubwa ya Ngazidja si mchezo, mtu anajiandaa miaka. Mji mzima unakula, siku baada ya siku, na mji ukila unahitaji maji ya mchele, ya nyama, ya kunawa, ya chai. Wifi akalifunika birika mapema, akatangaza: hili sasa ni la arusi, kila mpangaji na ndoo yake ya siku, asiongeze hata kikombe. Aliyasema hayo kwa Kingazidja cha haraka, mlangoni, huku akiondoka kwenda Itsandra kuhangaikia ng'ombe. Nouriat alikuwa bado na sabuni mpaka viwikoni. Alisikia, akaitikia vizuri, akadhani maneno hayo ni ya maji ya kunywa. Ya kufulia hayakumpita akilini kabisa kwamba nayo yanahesabiwa.

Arusi ilipokaribia, kiangazi kimekolea, wifi akafungua kifuniko kuangalia hazina yake. Ukelele ule niliusikia kwangu, na kwangu ni kichochoro cha pili. Nilipofika nilimkuta ameshika kiuno, anatazama ndani. Ukutani mwa birika palikuwa na alama ya unyevu mahali maji yalipokuwa yamefika, na maji yenyewe yako chini kabisa.

"Wameniua," akasema. "Saoudat, wameniua! Nitaupikia mji mate?"

Siku ile ile alimwendea Mwalimu Mouzaoir wa chuo cha Kurani, akamtaka asome Halbadiri. Kile ni kisomo cha kumwapiza mwizi, na ukikitaja tu, mwenye jambo lake anaanza kuhesabu alichochukua. Mwalimu Mouzaoir ni mtu mpole, hapendi kuapiza watu. Akamwambia, "Nitasoma Alhamisi. Kabla ya hapo tangaza, aliyechukua arudishe, na akirudisha yaishe."

Loh! Ungeona wewe. Kesho yake alfajiri, mke wa muuza samaki kaja na ndoo: "Nimesema nisije arusini mikono mitupu." Akamwaga. Nyuma yake Bi Mariamou, hajja, mtu wa tasbihi, kaja na sufuria mbili, eti ameota ndoto anawagawia watu maji. Akaja jirani wa ng'ambo na watoto wake wote, kila mmoja na kopo. Walikuwa wanapokezana mlangoni kama wamekuja kutoa pole. Hakuna aliyesema amechukua, wote wanatoa zawadi! Nilicheka mpaka nikaenda kuegemea ukuta. Mtaa mzima ulikuwa umechovya, huyu leo kidogo, yule kesho kidogo, kila mmoja akijiambia kopo moja si wizi.

Wifi hakucheka. Alipima tena, maji yamepanda, lakini bado yalipungua mengi, kama mapipa mawili makubwa ya mafuta.

"Kopo kopo zimerudi," akasema. "Mwizi mwenyewe hajarudisha. Na nimeshamjua."

"Nani?"

"Huyo Mkristo wako."

"Astaghfirullahi, wifi! Kwa lipi?"

"Mtaa mzima umeleta maji. Yeye hajaleta hata tone. Haogopi Halbadiri, kwa sababu si kisomo chake."

"Hajaleta kwa sababu hajachukua!"

"Au kwa sababu haogopi," akasema.

"Na Nouriat je? Naye hajaleta."

"Nouriat anafulia kisima cha pwani, kila mtu anajua. Tena tazama shuka alizonifulia." Akanipapasisha shuka ya arusi ya Djaouharia. Laini kama nini. "Mtu mwenye mikono kama ile ataiba?"

Akamwambia Blandina ahame kabla wageni hawajaanza kuingia. Tena hakuishia hapo. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kualika watu, na kila alikoalika alisimulia: hapa Moroni, Itsandra kwa jamaa zake, mpaka Ntsoudjini kwa wakwe. Tahadhari na mshonaji yule wa Kitanga, nguo zako zihesabu.

Na kwetu, kumfukuza mwanamke chumbani si jambo la kuhamisha kitanda tu. Nyumba Ngazidja ni za wanawake. Mama anamjengea binti, mume anaingia kwa mkewe. Blandina hakuwa na mama huku wa kumjengea, na nyumba ya mama yake Hamidou ni ya dada zake Hamidou. Kwa jina la wizi nani angempangisha? Ilikuwa arudi Muheza na mtoto, na Hamidou abaki na lori lake. Hamidou yule, mwanamume mzima, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya lori, macho mekundu.

Nikaingia kwa Blandina nimewaka. "Kwa nini unakaa kimya? Simama umtukane! Mimi nitakusaidia!"

Alikuwa anashona, hakuinua mguu kwenye cherehani. "Nimeshamwambia sikuchukua. Aliyechukua namjua."

"Unamjua? Mtaje basi!"

"Siwezi, Da Saoudat. Kitabu kinasema ukiwa na neno na mwenzio, mwendee kwanza, ninyi wawili peke yenu. Nimemwendea, akacheka. Nikamwendea tena, akacheka tena. Bado sijamaliza kumwendea."

"Na ukifukuzwa kabla hujamaliza?"

Hapo alisimamisha cherehani. "Naogopa," akasema. "Naogopa sana. Lakini nikimtaja kwa hasira yako, Bi Moinafouraha atamfukuza yeye, na yeye hajui hata alichofanya."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi, maana wakati ule ule tukasikia wimbo kichochoroni. Nouriat kaingia na kapu kichwani, akaketi, akaanza kukunja.

"Nouriat," nikasema kwa Kindzuani changu kibovu, "maji ya kufulia unatoa wapi?"

"Si hapo birikani," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

"Umemwomba mwenyewe?"

Akacheka, kuku wakatawanyika. "Na wewe? Huyu Blandina naye ananiuliza hivyo hivyo. Maji yanaombwa? Maji yanaibiwaje, Saoudat, mtu anaiba jua? Mimi nikisikia mwizi wa maji, mwizi wa maji, nilidhani mtu kaja na lori."

Wallahi alikuwa anasema kweli. Uso haukuwa na hila hata kidogo. Mtaa mzima ulikuwa unatetemeka kwa kopo moja moja, na yeye aliyechota mapipa analala usingizi wake wote.

Nikamshika mkono, nikampeleka birikani, nikafungua kifuniko. Nikamwonyesha alama ya unyevu. Nikamwonyesha paa, na mfereji, na ngazi ambayo wifi yangu, na magoti yake yale, aliipanda kwa ufagio. Nikamwambia maji haya hayashuki kutoka popote, yakiisha yameisha mpaka mvua. Nikamwambia Djaouharia ataolewa kwa haya. Na nikamwambia Blandina anafukuzwa kwa haya.

Aliinama akatazama ndani. Kisha akauliza polepole, "Na zile shuka alizokuwa anazisifu?"

"Umezifua kwa maji yake mwenyewe."

Akakaa chini, pale pale juu ya saruji, akajifunika uso kwa shiromani yake, ile nguo ya kujitanda. Mimi niliyekuja na moto nikajikuta nampapasa mgongo. Nilimwonea huruma. Sifa zake zote mjini zilikuwa mle birikani.

Jioni tukakaa watatu. Nouriat akamwambia Blandina, "Nisomee. Mnasema nini kwenu kwa mwizi?"

Blandina hakukimbilia moto wa Jehanamu, nilimpenda kwa hilo. Alisema, amri ni fupi, usiibe, lakini Kitabu hakiishii hapo, kinajua watu. Kinajua hata maji ya wizi na utamu wake, kimeyataja. Halafu akatusomea habari ya mtoza ushuru mmoja, jina lake limenitoka, tajiri, mfupi, aliyepanda mti ili amwone Nabii Isa akipita.

"Mfupi kama mimi?" Nouriat akauliza.

"Pengine. Isa akamwambia shuka, leo nitakula kwako. Watu wakanung'unika, mbona anaingia kwa mwizi? Na yule bwana, bila kuambiwa na mtu, akasimama akasema: kama nimemnyang'anya mtu kitu, namrudishia mara nne."

"Mara nne ya nini? Kama kachukua moja, si arudishe moja?"

"Moja ni kile kitu," Blandina akasema. "Lakini mwenye kitu alilala na njaa, akagombana na mkewe, akamshuku jirani. Hayo nayo nani atayarudisha?"

Nouriat akafikiri. "Sheria yenu inasemaje? Ni mara nne kwa kila kitu?"

"Ng'ombe mara tano, kondoo mara nne."

"Na maji?"

"Maji hayakutajwa."

"Basi mimi nitafuata kondoo," Nouriat akasema, na hakuwa anacheka.

Niliwaambia, hata mimi niliyesoma chuoni Unguja nimefundishwa kwamba toba ya wizi haikamiliki mpaka kitu kimrudie mwenyewe. Kwa hilo tulikuwa hatuna ugomvi wowote, sisi watatu.

Kesho yake wanawake walikuwa wamejaa kwa wifi yangu, wanachambua mchele wa arusi, kila mmoja na ungo wake, na mazungumzo yalikuwa ni yale yale ya mwizi. Nouriat akaingia. Akasimama katikati, mikono haijui iende wapi.

"Bweni Moinafouraha," akamwita kwa heshima yote, "maji yako nimeyachukua mimi. Blandina hajagusa hata tone. Nilichota mchana, nikafulia. Kwetu maji hayana mwenyewe, nami sikuuliza kama huku yanaye. Ningeuliza ningejua. Nitakurudishia mara nne."

Nyungo zilisimama zote. Wifi yangu aliweka ungo wake chini.

"Mara nne!" akasema. "Utayatoa wapi, we mwanamke? Utalia machozi mapipa manane?"

Wanawake wakaangua kicheko, na mke wa muuza samaki alicheka kupita wote. Nikamkata jicho mpaka akarudi kwenye mchele wake.

"Nipe mpaka meli irudi," Nouriat akasema. "Na Blandina usimtoe."

"Atoke au asitoke, nitajua nikiyaona maji," akajibu wifi.

Basi Nouriat akapanda meli ya mumewe. Bourhane, maskini, alipoambiwa atapakia mapipa manane ya maji badala ya machungwa, alishika kichwa. Nahodha akamuuliza kama mkewe ana akili timamu. Lakini Nouriat alishuka Mutsamudu, akaenda moja kwa moja mtoni kwa wenzake wa zamani, akawasimulia hakuficha. Alinihadithia mwenyewe baadaye. Anasema wale madobi walicheka mpaka wakaangusha nguo mtoni: ati Moroni mtu akichota maji ni mwizi! Kisha mmoja, Roukaya, mkubwa wao, akasema, "Kucheka tumecheka. Mwenzetu ana haya usoni, tumjazie." Wakayasugua mapipa kwa mchanga na ndimu mpaka harufu ya mafuta ikatoka. Wakachota juu kabisa, mahali maji yanapoingia mjini bado safi, wakabeba kwa vichwa mpaka gatini.

Siku meli ilipotia nanga nilikuwa bandarini na Hamidou na lori lake. Mizigo inashushwa kwa mashua, kwa hiyo mapipa yalikuja mawili mawili, Bourhane akitukana bahari, mashua na arusi zote za Ngazidja. Na pale bandarini palikuwa na askari, pamoja na mzungu wao mmoja, wa wale mamluki, mrefu, miwani myeusi. Siku zile mapipa manane hayapiti hivi hivi. Akataka kujua ni petroli ya nani.

"Maji," Nouriat akasema.

Mzungu akaamuru pipa lifunguliwe. Akanusa. Akachovya kidole, akaonja. Akafunguliwa la pili, akaonja tena. Akamuuliza askari wetu kwa Kifaransa, na askari akamuuliza Nouriat: nani mwenye akili anasafirisha maji kutoka kisiwa hadi kisiwa?

"Mwambie nilichukua kitu cha mtu," Nouriat akasema. "Namrudishia."

Askari akatafsiri. Mzungu akasema tena kitu. "Anauliza, nani amekulazimisha?"

"Hapana mtu."

Lilipotafsiriwa hilo, mzungu akamtazama Nouriat, kidole bado kimelowa. Watu bandarini wote wanamtazama, na najua walikuwa wanawaza nilichowaza mimi, Itsandra na usiku ule. Nilijiuma ulimi wangu, na Mungu anajua si kawaida yangu. Mwishowe akaashiria kwa mkono: pita. Tulipofika kona ya kwanza ndani ya lori, Hamidou alicheka mpaka usukani ukamponyoka.

Uani kwa wifi mtaa ulikuwa umejaa kabla hatujafika. Mapipa mawili yakamwagwa, na maji yakapanda mpaka kwenye alama. Wifi akainua mkono. "Basi. Changu kimerudi. Mengine uza, Nouriat, unywee chai."

"Mawili ni maji yako, Bweni. Sita ni usingizi uliokosa. Mimina, Hamidou."

Yakamiminwa. Yale mawili ya mwisho hayakuenea, wifi akatandaza masufuria ya arusi, mitungi, mpaka beseni la kuogea. Alikuwa anayatazama yale maji, na uso wake mkubwa ule ukaanza kulegea. Akamkumbatia Nouriat mbele ya watu, na wote wawili wakalia. Bi Mariamou akasema subhanallah, akaondoka haraka na tasbihi yake.

Sasa mimi ningeweza kunyamaza. Siku ilikuwa nzuri, watu wamefurahi. Lakini nilimwona Blandina amesimama mlangoni kwake na Bahia kiunoni, na hapana hata mmoja aliyekuwa anamtazama.

"Wifi," nikasema, "na jina la huyu ulilolichukua, linarudishwa kwa mapipa mangapi?"

Aliniangalia jicho la kuniua. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasema, haya, arusi sitaalikwa.

Asubuhi akanigongea, amevaa shiromani yake ya kutokea. Kwanza alikwenda kwa Blandina, akasimama mlangoni, akasema, "Nilikusingizia." Kisha tukatoka. Alikwenda kwa kila nyumba ya Moroni aliyosimulia, mimi nyuma yake kama shahidi. Wengine walimwambia haina neno, wengine walifurahi zaidi ya adabu. Kesho yake Itsandra, jua kali, nyumba baada ya nyumba. Nyumba moja walikuwa hawajasikia lolote, ikabidi awaeleze kwanza alichosema ndipo awaeleze kwamba ni uongo. Alitoka pale anahema.

Siku ya tatu nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, miguu imemvimba, ameitia katika beseni la maji ya Mutsamudu. Zilibaki nyumba za Ntsoudjini, za wakwe, watu ambao kuona haya mbele yao ni kujifukia mzima. Akamgeukia Blandina, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mwanangu, si umeshanisamehe?"

"Nimekusamehe, mama," Blandina akasema. "Tangu juzi, toka moyoni. Yaishe."

Wifi akashusha pumzi, akaegemea ukuta, akafumba macho. Nouriat alikuwa anaanika, kanzu begani, vibanio mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja.

"Yeye amekusamehe, Bweni," akasema. "Na mimi ulitaka kunisamehe kwa mawili, nikamimina manane. Nyumba za Ntsoudjini bado."

Nikajua sasa dobi wa watu amekwisha. Wifi alifumbua macho, akamtazama toka miguuni mpaka kichwani. Halafu akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akatoa wa pili, akaniambia nimletee viatu.